Skrinseva kwa Xlib: huchori, unatuma maombi

Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza grafiki kwenye Linux, huwa namwambia aandike skrinseva, ile programu inayochora kwenye skrini mtu akiacha kugusa kompyuta. Wengi wanashangaa kidogo, walitegemea niseme kikokotoo au kihariri cha maandishi. Mi nawaambia skrinseva, tena usishike toolkit kama GTK au Qt, zile laibrari kubwa zenye vitufe na menyu tayari, andika kwa Xlib yenyewe, ile laibrari ya C ambayo programu inatumia kuongea na X Window System (mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini) bila mtu wa kati.

Sababu yangu ni moja na nitaing'ang'ania. Skrinseva haina vitufe, haina menyu, haina fomu ya kujaza, haimsubiri mtu abonyeze chochote. Ukishaondoa hayo yote kinachobaki ni programu yako upande huu, seva inayoshika skrini upande ule, na mazungumzo kati yao. Na mazungumzo hayo ndo kitu ambacho watu wanaandika programu za grafiki miaka na miaka bila kukiona hata siku moja, kwasababu toolkit imekifunika vizuri sana.

Tuanze na jambo ambalo jina la makala limeshalitaja. Ukiita XDrawLine, fankisheni ya kuchora mstari, hakuna mstari uliochorwa. Xlib inachukua zile namba zako, inazipanga kwenye baiti za ombi la protokali ya X11, inaziweka kwenye bafa ndani ya memori ya programu yako, na inarudi. Basi, imeisha. Seva haijui lolote bado. Ni kama kuandika barua ukaiweka kwenye mfuko, mfuko ukijaa au ukiamua mwenyewe ndo unapelekwa posta, na wewe hukai mlangoni kusubiri kila barua ijibiwe.

Hii haikutokea kwa bahati. Mwaka 1984 pale MIT, Bob Scheifler alichukua mfumo wa madirisha uliokuwepo kabla, unaitwa W, uliotoka Stanford, na W ilikuwa inafanya kazi kwa kusubiriana, yaani programu inatuma kitu inasimama mpaka ijibiwe. Scheifler akabadilisha hapo hapo, akaifanya programu itume bila kusubiri, na mfumo ulipobadilika kiasi hicho akaupa herufi inayofuata, X. Kilichofuata baada ya hapo, mpaka X11 ya mwaka 1987 ambayo protokali yake bado tunaitumia, kimejengwa juu ya uamuzi huo mmoja. Ukiuelewa huo, Xlib yote inaanza kukaa sawa kichwani. Usipouelewa utabaki unaona maajabu, mara mistari haitokei, mara inatokea yote kwa pamoja, mara era inakuja ikionyesha fankisheni ambayo haina kosa lolote.

Mfano wa kawaida kabisa. Mtu anaandika lupu yake, anachora mistari 50, anaita usleep, anarudia. Anaendesha programu, dirisha limefunguka jeusi tii. Anakagua rangi, anakagua koodineti, anakagua GC (graphics context, yaani rangi na mipangilio ya kuchorea), kila kitu kiko sawa. Tatizo ni kwamba bafa haijajaa na hakuna aliyeiambia iondoke. Anaongeza XFlush mwisho wa fremu na picha inatokea. Wengine wanaweka XSync badala yake, nayo inafanya kazi, ila tofauti ni kubwa: XFlush inatuma na kuendelea, XSync inatuma alafu inasimama mpaka seva iseme nimemaliza yote. Kwenye skrinseva XSync ina kazi yake, kwa mfano kama unatuma maombi mazito mfululizo na hutaki yajazane upande wa seva mpaka skrini iwe nyuma ya programu yako kwa sekunde kadhaa, na hapo mtu anagusa mausi lakini seva bado inahangaika na foleni ya michoro ya zamani. Mi napendelea XSync moja kwa kila fremu kama fremu ni nzito, na XFlush kama ni nyepesi.

Lupu yenyewe ikikaa vizuri inafanana hivi:

for (;;) {
    while (XPending(d)) {
        XNextEvent(d, &tukio);
        shughulikia(&tukio);
    }
    chora_fremu();
    XFlush(d);
    usleep(16000);
}

Angalia kwamba XNextEvent, inayochukua tukio linalofuata (kibodi, mausi na kadhalika), iko ndani ya XPending, inayohesabu matukio yanayosubiri. Ukiita XNextEvent peke yake na hakuna tukio lolote, programu italala hapo hapo mpaka litokee, na skrinseva kwa kawaida inaishi muda ambao hakuna tukio, si ndo maana imewashwa? Programu za kawaida zinazosubiri mtumiaji zinafurahia kulala pale. Yako haiwezi. Alafu jua kwamba XPending nayo inasukuma bafa kama haikuta tukio kwenye foleni, kwahiyo kuna watu programu zao zinachora vizuri bila XFlush hata moja na hawajui ni kwanini, siku wakibadilisha lupu kidogo inakufa.

Sasa kuna utamu hapa ambao sijauona sana ukielezwa. Xlib haitumi ombi moja kwa kila mstari. Ukiita XDrawLine mara mia mfululizo kwenye dirisha lile lile na GC ile ile, inaangalia ombi la mwisho lililoko kwenye bafa, ikikuta ni la aina hiyo hiyo inaongezea tu mstari mpya ndani yake. Mistari mia inaenda ikiwa kwenye ombi moja au machache sana. XDrawPoint inafanya hivyo, XFillRectangle inafanya, XFillArc pia. Ila ukiweka XSetForeground katikati, yaani unabadilisha rangi kila mstari, ule mnyororo unakatika. GC inaishi kwenye seva, Xlib inaweka nakala yake huku na inakumbuka ulichobadilisha, na kabla ya mchoro unaofuata lazima itume ombi la kubadilisha GC, kwahiyo ombi la mwisho kwenye bafa sio la mistari tena na inabidi lianze jipya. Matokeo yake skrinseva mbili zinazoonekana sawasawa machoni, moja inatuma trafiki mara kadhaa zaidi ya nyingine. Dawa ni kupanga michoro kwa rangi: chora vyote vyekundu, badilisha, chora vyote vya bluu. Au tengeneza GC moja kwa kila rangi kama rangi zako ni chache.

Kibaya zaidi ya hapo ni maombi yanayotaka jibu. XQueryPointer, XGetGeometry, XInternAtom, XAllocNamedColor, XGetImage. Kila moja kati ya hizi inasukuma bafa yote, inasubiri seva ifike kwenye ombi hilo, inasubiri jibu lirudi. Kwenye mashine yako mwenyewe, ambapo programu na seva zinaongea kupitia soketi kama /tmp/.X11-unix/X0, hutaona kitu. Endesha programu hiyo hiyo kupitia mtandao na utaona fremu zinakokota. Nimesoma kodi za skrinseva zinazouliza ukubwa wa dirisha kila fremu! Na ukubwa unabadilika labda mara moja, mtu akizungusha skrini au akichomeka monita nyingine, na seva yenyewe inakuletea tukio la ConfigureNotify kama uliliomba kwa StructureNotifyMask. Uliza mara moja mwanzoni, alafu subiri kuambiwa.

Rangi nazo zimeingia kwenye mkumbo huo. Zamani monita nyingi za X zilikuwa za biti 8, rangi 256 kwenye jedwali, na skrinseva za enzi zile zilitumia ujanja mzuri kweli, zilichora picha mara moja alafu zikawa zinabadilisha jedwali tu kwa XStoreColors, na picha nzima inaanza kutiririka bila pikseli hata moja kuchorwa upya. Ule ujanja umekufa, leo karibu kila skrini ni TrueColor, yaani pikseli inabeba rangi yake moja kwa moja, na hakuna jedwali la kuzungusha, ukitaka rangi zitembee unachora upya. Ila tumepata kitu kingine: kwenye TrueColor unaweza kukokotoa thamani ya pikseli mwenyewe kwa kutumia red_mask, green_mask na blue_mask za visual yako (maelezo ya jinsi skrini inavyopanga rangi), bila kuiuliza seva kwa XAllocColor. Kama rangi zako ni elfu moja, ni safari elfu moja za kwenda na kurudi umeziokoa pale mwanzo, skrini inawaka mara moja badala ya kukaa nyeusi ikifikiria.

Swali linalofuata, na hili ndo linatenganisha skrinseva na programu zingine, ni unachora kwenye dirisha la nani. Programu ya kawaida inatengeneza dirisha lake kwa XCreateSimpleWindow, inalionyesha kwa XMapWindow, mambo yanaendelea. Skrinseva iliyoandikwa vizuri haitengenezi dirisha. Inapewa.

Hapa lazima nimtaje Jamie Zawinski, maana XScreenSaver yake, programu ya skrinseva kwa X, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1992 ndo iliyoweka utaratibu ambao wengine wote tumeufuata. Alichofanya ni kugawa kazi. Kuna daemoni moja, programu ya nyuma ya pazia, inayokaa kimya, inaangalia kama mtu ameacha kugusa kibodi na mausi, muda ukifika inafunika skrini kwa dirisha jeusi. Alafu inaanzisha programu nyingine kabisa, prosesi tofauti, na kuipa namba ya lile dirisha kupitia variabo ya mazingira inayoitwa XSCREENSAVER_WINDOW. Programu hiyo inachora tu. Haijui kama kuna paswedi, haijui saa ngapi, haijui nani ataizima. Mtu akirudi, daemoni inaipiga SIGTERM, ishara ya kuizima, na habari imeisha. Kama programu ya kuchora ina bagi ikaanguka katikati ya usiku, daemoni iko palepale na skrini bado imefunikwa.

Na hii inawezekana kwasababu ya kitu cha X ambacho mi nakipenda mno: namba ya dirisha ni namba tu, inajulikana kwa seva nzima, na programu yoyote iliyounganishwa na seva hiyo inaweza kuchora kwenye dirisha la programu nyingine ikiwa na namba yake. Prosesi A imelitengeneza, prosesi B inalipaka rangi, na seva haina shida. Kuna hata njia ya zamani zaidi, ya kutafuta dirisha la mzizi (lile linalofunika skrini nzima nyuma ya mengine yote) la kuigiza kwa kusoma propati inayoitwa __SWM_VROOT kwenye watoto wa dirisha la mzizi halisi, na kuna faili moja dogo, vroot.h, ukiliweka kwenye kodi yako linabadilisha maana ya DefaultRootWindow kimyakimya na programu yoyote ya zamani inayochora kwenye mzizi inageuka kuwa skrinseva bila kuandikwa upya. Uhuru huo huo una upande wake wa giza na nitaufikia.

Kwakuwa dirisha sio lako, usiliamini. Usidhani ni la ukubwa fulani, usidhani kina chake cha rangi ni biti 24, usidhani visual yake ni ile ya kawaida. Ita XGetWindowAttributes mara moja na ufuate itakachokuambia. Ukitengeneza piksimapu (picha iliyofichwa upande wa seva) yenye kina tofauti na dirisha alafu ukajaribu kunakili, seva itakurudishia BadMatch, na kwakuwa seva inajibu kwa wakati wake, era hiyo itakufikia baadae, programu ikiwa imeshaita fankisheni zingine nyingi. Hapa watu wanapoteza jioni nzima wakikagua mstari usio na hatia. Ita XSynchronize mara tu baada ya XOpenDisplay wakati unatafuta bagi, kila ombi litasubiriwa, programu itakuwa nzito kweli ila era itatokea pale pale ilipozaliwa. Ukishapata, iondoe.

Piksimapu zenyewe utazihitaji. Ukichora moja kwa moja kwenye dirisha, ukifuta na kuchora upya kila fremu, macho yanaona ile hatua ya kufuta na picha inapepesa. Njia ya kawaida ni kuchora kwenye piksimapu ambayo haionekani, ikikamilika unainakili kwenye dirisha kwa XCopyArea moja. Piksimapu inaishi upande wa seva, kwahiyo kunakili huko hakupitishi pikseli kwenye soketi, ni ombi dogo tu la baiti chache hata kama skrini ni kubwa kiasi gani. Kuna ekstensheni ya bafa mbili inaitwa DBE inayofanya kazi hiyo hiyo kwa adabu zaidi, lakini piksimapu inatosha na inafanya kazi kila mahali.

Ila kuna mtego ndani ya XCopyArea na ningependa kila anayeanza aujue mapema. GC mpya inakuja ikiwa imewashwa graphics_exposures. Maana yake ni kwamba kila ukinakili, seva inakutumia tukio la GraphicsExpose kama kuna sehemu ilishindikana, au NoExpose kama yote yalikwenda sawa. Haijalishi uliomba matukio gani kwa XSelectInput, haya yanafuata GC na sio mask. Kwa fremu 60 kila sekunde hiyo ni NoExpose 60 kila sekunde, zaidi ya laki mbili kwa saa, na kama lupu yako haisomi matukio zinarundikana tu. Skrinseva inaanza vizuri na baada ya muda memori imepanda na hakuna anayeelewa, maana kwenye kodi hakuna malloc (ombi la memori) hata moja. XSetGraphicsExposures na False, mstari mmoja, yameisha.

Hilo la memori linanileta kwenye jambo ambalo linanifanya niiheshimu sana kazi hii. Programu nyingi tunazijaribu dakika mbili tatu tunasema iko poa. Skrinseva inaachwa peke yake usiku mzima, wikiendi nzima, na hakuna anayeiangalia. Makosa madogo yanakuwa makubwa. Chukua kaunta ya fremu uliyoiweka kwenye float, aina ya namba zenye desimali: float inabeba namba kamili kwa usahihi mpaka 16,777,216, ukifika hapo ukiongeza moja haiongezeki. Kwa fremu 60 kwa sekunde unafika baada ya siku tatu na masaa karibu sita, na mchoro wako unaganda. Chukua koodineti: protokali inazibeba kwa biti 16 zenye alama, kutoka -32768 mpaka 32767. Xlib inapokea int kwahiyo kompaila haitalalamika, lakini ukituma x ya 40000 seva inasoma -25536, na mstari uliotakiwa kutokea kulia unatokea kushoto ukikatiza skrini nzima. Kata mistari yako mwenyewe kabla ya kutuma.

Kuhusu nani anaamua kwamba sasa muda wa skrinseva umefika, nitapita haraka. Seva ya X ina skrinseva yake ya ndani tangu zamani, XSetScreenSaver inapanga muda wake, na kwenye Xorg kawaida ni sekunde 600. Haina uzuri wowote, inazima skrini au inaonyesha taili ya mandhari ikihama hama. Ukitaka kujua mtumiaji amekaa muda gani bila kugusa kitu, ekstensheni ya MIT-SCREEN-SAVER ina XScreenSaverQueryInfo, inakupa idle kwa milisekunde. Toleo lake la 1.1 likaongeza XScreenSaverSuspend, ambayo programu ya video inaiita ili seva isizime skrini katikati ya filamu. Vitu hivi ni rahisi, ukisoma ukurasa wa manuali umemaliza.

Kisicho rahisi ni kufunga skrini, na hapa nasema kwa uzito: usiandike kifungio chako mwenyewe ukakiamini. Kuchora ni kitu kimoja, kulinda ni kitu kingine kabisa. X11 haina dhana ya skrini iliyofungwa. Kinachofanyika ni kuigiza: programu inafungua dirisha kubwa lenye override_redirect ili meneja wa madirisha asiliguse, inaita XGrabKeyboard na XGrabPointer ili matukio yote yaende kwake, alafu inaomba paswedi. Kwa macho ya seva hiyo ni programu kama nyingine yoyote. Kama wakati huo kuna menyu imefunguliwa na imeshashika kibodi, unapata AlreadyGrabbed na huwezi kufunga. Dirisha lingine la override_redirect likijitokeza linakaa juu yako na inabidi ujiinue tena. Na ikitokea programu ya kufunga imeanguka, seva inafanya ile ile inayofanya kwa kila programu iliyokufa, inaharibu madirisha yake na kuachia kibodi, na desktop ya mtu iko wazi mbele ya yeyote aliyesimama hapo.

Hii imeshatokea kweli. Januari 2021 iligundulika kwamba kifungio cha desktop ya Cinnamon kwenye Linux Mint kinaangushwa kwa kubonyeza herufi fulani kwenye kibodi ya skrini, bagi ilikuwa kwenye laibrari ya hiyo kibodi, na laibrari ilikuwa imepakiwa ndani ya prosesi ile ile inayofunga. Ndo maana Zawinski miaka yote alikataa kuweka toolkit kubwa ndani ya prosesi inayofunga na akabaki na Xlib tupu, na kwenye toleo la 6 la mwaka huo huo wa 2021 akagawa zaidi, kuchora kuko kwenye prosesi yake na paswedi kwenye prosesi yake, ili sehemu inayoshikilia skrini iwe na kodi kidogo iwezekanavyo. Kuna watu waliona ni ukaidi. Mi naona alikuwa sahihi kabisa, kila mstari wa kodi unaoingiza kwenye prosesi ile ni sababu nyingine ya prosesi hiyo kuanguka.

Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imelitatua hilo ipasavyo. Protokali ya ext-session-lock inamfanya kompozita (programu inayosimamia skrini nzima kwenye Wayland) mwenyewe ajue kwamba kikao kimefungwa, na kifungio kikifa skrini inabaki imefungwa. Kwa usalama hakuna mjadala. Lakini kile nilichosema nakipenda, prosesi moja kuchora kwenye dirisha la nyingine kwa kujua namba tu, Wayland haikiruhusu, na dirisha la mzizi hakuna. Naelewa kwanini, ule uhuru ndo ulioruhusu programu yoyote kusoma skrini ya mwenzake na kusikiliza kibodi yake. Inaniuma kidogo hata hivyo.

Ila kodi ya kuchora yenyewe imeonyesha kwamba inahamishika, na hili linanifurahisha. Mwaka 2006 XScreenSaver ilipopelekwa Mac, ambako hakuna seva ya X, zile programu hazikuandikwa upya. Zilipangwa upya. Badala ya kila programu kuwa na lupu yake isiyoisha, ikagawanywa kuwa fankisheni tano: init ya kuandaa, draw ya fremu moja, reshape ukubwa ukibadilika, event ya matukio, na free ya kusafisha. Draw inarudisha namba, ni maikrosekunde ngapi inataka kulala kabla ya kuitwa tena. Lupu inamilikiwa na mfumo. Alafu chini yake ikawekwa tabaka linaitwa jwxyz ambalo linatoa fankisheni za Xlib kwa majina yale yale, XDrawLine ni XDrawLine, ila ndani yake ni grafiki za Apple, na baadae simu za iPhone na Android. Kwahiyo kuna mchoro ulioandikwa miaka ya tisini kwa ajili ya monita za biti 8 na leo unatembea kwenye simu ya mtu.

Kama unataka kujaribu, shusha kodi ya XScreenSaver na ufungue greynetic.c kwenye folda ya hacks. Ni fupi, inatupa mistatili ya rangi popote kwenye skrini, na zile fankisheni tano zote zimo. Ibadilishe iwe miduara kwa XFillArc, ukikumbuka kwamba pembe za X zinahesabiwa kwa sehemu za 64 za digrii, kwahiyo mduara mzima ni 360*64, sio 360. Iendeshe kwanza bila --root, itafungua dirisha lake la kawaida, livute uone kama reshape inafanya kazi. Alafu fungua terminali nyingine, iangalie kwa top (inayoonyesha memori na CPU inayotumika), na uiache usiku kucha.